Mnyororo wa Injini Unapokwaruza Tairi: Kutafuta Chanzo kwenye Baiskeli ya Kujiundia

Mnyororo unaogusa tairi hauanzi kwa kishindo. Unaanza na sauti kama ya kufagia, kisha unaona mstari mweusi uliong'aa ubavuni mwa tairi la nyuma, halafu nyuzi za ndani ya mpira zinachungulia. Siku tairi likipasuka ukiwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa, kipande chake kinaweza kubebwa na mnyororo na kulifunga gurudumu pale pale. Ndiyo maana mkwaruzo haupaswi kuvumiliwa hata wiki moja.

Kosa kubwa la wanaojiundia baiskeli hizi ni kukimbilia nyundo. Wanasukuma gurudumu upande mmoja, wanabonyeza paipu ya fremu, wanaongeza washa (kile kiduara bapa cha chuma kinachokaa chini ya nati), bila kujua ni lini hasa mnyororo unagusa. Wakati wa kugusa ndio unaotaja chanzo. Mkwaruzo usiokoma una sababu yake, unaokuja mara moja kwa kila mzunguko una nyingine, na unaotokea mlimani au baada ya tuta una yake pia.

Vipimo vya hapa ni vya muundo unaoonekana zaidi Nairobi: baiskeli ya inchi 26 na injini ndogo ya mapigo mawili iliyokaa katikati ya fremu, mnyororo wa injini ukiwa kushoto na wa pedeli kulia. Sproketi ya injini ina meno 10, ya nyuma ina 44, na mnyororo ni wa namba 415. Injini zenyewe mara nyingi huuzwa kwa jina la sisi 80 (yaani cc, ujazo wa silinda), ingawa silinda ya kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38 hutoa sisi 66 tu.

Kabla ya kugusa chochote, zima injini na uchomoe kofia ya plagi. Usikaribishe kidole wala kitambaa kwenye mnyororo injini ikiwa inanguruma, hata baiskeli ikiwa imeinuliwa na gurudumu linazunguka polepole. Sproketi ya meno 10 hukata kidole kabla mwenyewe hajahisi.

Kipimo cha chaki

Paka chaki nyeupe ubavu mzima wa kushoto wa tairi la nyuma, pamoja na paipu mbili za chini za nyuma, zile zinazotoka kwenye pedeli hadi kwenye ekseli. Shika klachi, sukuma baiskeli kwa miguu kama mita 50, kisha tazama.

Chaki ikifutika duara zima, mstari wa mnyororo uko karibu mno na tairi. Ikifutika sehemu moja tu, gurudumu limepinda au tairi halijakaa sawa. Ikiwa haijafutika kabisa, paka tena, panda, endesha kwa injini kwenye barabara tambarare, halafu rudia kwenye mlima, halafu pita juu ya tuta. Angalia baada ya kila hatua bila kuchanganya. Robo saa hii itakuokolea siku nzima ya kufungua na kufunga bolti.

Chaki imefutika duara zima

Hapa hesabu ni rahisi, na ni vizuri kuifanya kwa rula badala ya macho. Tairi lililoandikwa 2.125 lina upana wa milimita 54 hivi, yaani 27 kutoka katikati ya gurudumu hadi ubavuni. Nusu ya upana wa mnyororo wa 415, ukihesabu vichwa vya pini, ni milimita 6 hadi 7. Ukitaka nafasi ya milimita 6 kati yao, katikati ya mnyororo lazima iwe angalau milimita 40 kutoka katikati ya gurudumu, pale mnyororo unapopita tairi. Milimita 6 si anasa: gurudumu hucheza kidogo, mnyororo hutikisika, na tairi hutanuka likijazwa upepo. Kwa hiyo pima tairi likiwa limejaa.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosa. Mnyororo hauligusi tairi kwenye sproketi ya nyuma. Unaligusa mbele zaidi, pale ubavu wa tairi ulipo mpana. Katika baiskeli ya inchi 26 sehemu hiyo iko kama milimita 305 mbele ya ekseli, na kutoka ekseli hadi sproketi ya injini ni milimita 480 hivi. Maana yake, mahali pa mkwaruzo pako karibu theluthi mbili ya safari kuelekea injini. Ukisogeza injini milimita 3 kwenda kushoto, unapata karibu milimita 2 kwenye tairi. Ukisogeza sproketi ya nyuma milimita 3 hizo hizo kwenda nje, unapata milimita 1 tu. Mtu anayehangaika na sproketi ya nyuma peke yake huishia na mnyororo uliopinda na tairi ambalo bado linaliwa.

Mpangilio wa marekebisho, kuanzia la bei nafuu:

Badilisha tairi. Kutoka 2.125 hadi 1.75 unapata karibu milimita 5 kila upande bila kufungua injini. Hii ndiyo dawa ya kwanza, na kwa baiskeli nyingi ni ya mwisho pia. Tairi la 1.95 hukupa milimita 2 tu, kwa hiyo liwe chaguo pale unapobeba mzigo na hutaki tairi jembamba. Epuka matairi yenye vinundu vinavyotokeza ubavuni, maana namba iliyoandikwa haikuambii nundu zimetoka kiasi gani.

Vuta rimu kwenda kulia kwa spoki. Legeza nipeli (vinati vya spoki kwenye rimu) zote za kushoto nusu mzunguko, kaza za kulia nusu mzunguko, pima, rudia. Rimu inahama lakini sproketi, iliyo karibu na habu (kitovu cha gurudumu), inabaki karibu pale pale. Usizidi milimita 3. Zaidi ya hapo spoki za kushoto, ambazo ndizo zinazobeba sproketi, zinabaki legelege na zitakatika. Ukimaliza, rekebisha viatu vya breki vifuate rimu.

Geuza sproketi. Sproketi nyingi za nyuma zimebonyea kama sahani. Ukifunga mgongo wa sahani ukitazama gurudumu, meno yanatoka nje. Ukiugeuza, yanaingia ndani. Pima pande zote mbili kabla ya kuamua, kwa sababu meno yakitoka sana mnyororo utagusa paipu ya fremu badala ya tairi.

Sogeza injini. Kwenye kishikio cha mbele na cha nyuma, matundu ya bolti yanaweza kurefushwa kwa tupa ya duara milimita 2 au 3. Kabla ya hapo zungusha mkono wa pedeli wa kushoto na upime nafasi yake na kifuniko cha injini. Ukibakiwa na chini ya milimita 5 baada ya kusogeza, mguu wako utaupinda mkono huo siku ya kwanza na utaanza kugonga chuma.

Baada ya kila badiliko, weka ubao ulionyooka au rula ya alumini ya mita 1 ukigusa meno ya sproketi ya nyuma sehemu mbili, na uelekeze mbele. Unapaswa kupita sawasawa na uso wa meno ya sproketi ya injini. Tofauti ya milimita 2 huvumilika, lakini ikifika 4 mnyororo utakula meno upande mmoja na siku moja utaruka.

Kuhusu washa: kuweka washa ya ziada upande wa kushoto wa ekseli husogeza gurudumu pamoja na sproketi yake kwenda kulia. Unapata nafasi kidogo kwenye tairi, lakini unalipa kwa kupinda mstari wa mnyororo kwa kiasi chote ulichosogeza, na mnyororo wa pedeli unapinda pia. Washa moja ya milimita 1.5 haina neno. Mbili ni dalili kwamba hujatafuta chanzo.

Wapo wanaokata vinundu vya tairi kwa kisu upande wa kushoto. Usifanye. Mpira wa ubavuni ni mwembamba, na jeraha dogo hufunguka kila tairi linapobonyea.

Sehemu moja tu imefutika

Geuza baiskeli isimame kwa kiti na usukani. Funga kipande cha waya kwenye paipu ya nyuma, ncha yake ikaribie rimu, kisha zungusha gurudumu polepole. Rimu ikicheza zaidi ya milimita 2 kwenda kushoto na kulia, inyooshe kwa spoki kabla ya kufikiria jambo lingine. Usifunge sproketi kwenye gurudumu ambalo halijanyooshwa: ukishakaza bolti 9 zinazoibana sproketi na mipira yake kwenye spoki, kunyoosha baadaye ni kazi mara mbili.

Rimu ikiwa sawa lakini tairi linayumba, toa upepo, kandamiza tairi kuzunguka lote, paka maji ya sabuni kwenye ukingo na ujaze tena. Kuna mstari mwembamba juu kidogo ya rimu kwenye kila tairi. Ukionekana kwa umbali ule ule kote, tairi limekaa. Tairi la zamani lenye uvimbe halirekebishiki, litupe.

Shika pia rimu kwa mkono na uitikise kushoto na kulia. Ukisikia mchezo, koni za habu zimelegea au gololi zimekwisha. Kaza koni mpaka mchezo uishe lakini gurudumu lizunguke bila kukwama.

Hakuna mkwaruzo mpaka upande mlima

Sukuma baiskeli, kimya. Panda Ngara au mlima wowote kwa injini, mkwaruzo unaanza. Hapo kuna kitu kinachohama kikivutwa, na upande kinakohama unakupa jibu.

Mnyororo wa pedeli huvuta ekseli upande wa kulia. Nati ya kulia ikiteleza, ncha hiyo ya ekseli inasogea mbele na sehemu ya mbele ya tairi inaelekea kushoto, yaani moja kwa moja kwenye mnyororo wa injini. Kwa hiyo mkwaruzo unaotokea unapokanyaga pedeli kwa nguvu unatoka kwenye nati ya kulia, ingawa kelele iko kushoto. Mnyororo wa injini hufanya kinyume: huvuta ncha ya kushoto, na tairi huegemea paipu ya kulia. Ukikuta chaki imefutika kwenye paipu ya kulia baada ya kupanda mlima kwa injini tu, kaza kushoto.

Kukaza peke yake hakutoshi ikiwa mdomo wa fremu, pale ekseli inapoingia, umepakwa rangi nene au umelainika. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane, tumia washa yenye meno, na kaza kwa spana namba 15 yenye mkono mrefu. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma tunayoiita Mamba, na nyingine za mdomo wa kulala zina bahati ya kukubali vivutio vya ekseli, vile vyenye bolti ndogo ya kuvuta nyuma. Weka kimoja kila upande. Ni kifaa cha bei ndogo, na bila hivyo gurudumu la injini halitulii.

Ekseli ikiwa imara na bado mkwaruzo upo, geukia injini. Weka alama ya rangi ikivuka kutoka kwenye kishikio hadi kwenye paipu ya kiti, panda mlima, angalia kama alama imeachana. Mnyororo ukivuta kwa nguvu, injini iliyofungwa vibaya hujipinda, na sproketi yake hutazama pembeni. Mara nyingi kosa ni mpira. Watu huweka kipande cha tyubu kati ya kishikio na fremu ili kupunguza mtetemo, lakini mpira huo huruhusu injini kucheza, mtetemo unaongezeka, na bolti zinakatika. Chuma kishike chuma. Kishikio kikiwa kikubwa kuliko paipu, jaza nafasi kwa bati la alumini lililokunjwa kufuata duara. Tumia nati za kujifunga zenye plastiki ndani, na usizitumie mara ya pili.

Unatulia, kisha unagonga baada ya tuta

Huu ni ulegevu. Mnyororo ulio sahihi hupanda na kushuka milimita 12 hadi 15 ukiusukuma kwa kidole katikati ya sproketi mbili. Ukifika 25, utapiga tairi kwenye kila tuta la mtaani, na siku utakapotoka kwenye meno ya mbele utajikunja nyuma ya sproketi ya injini na kupasua kava ya aloi. Kava hiyo ni sehemu ya mwili wa injini, kwa hiyo hasara si ya mnyororo pekee.

Anza kwa kupima uchakavu. Vuta mnyororo unyooke, pima hatua 24 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mnyororo mpya hutoa milimita 304.8, kwa kuwa kila hatua ni 12.7. Ukifika 308, umekwisha. Kuufupisha ni kujidanganya, maana hatua zake hazilingani tena na meno. Minyororo inayokuja na injini hizi hurefuka haraka mwanzoni, hivyo ukague baada ya kilomita 50 za kwanza.

Mnyororo ukiwa mzima lakini mrefu, kuna utaratibu. Weka kwanza gurudumu kwa ajili ya mnyororo wa pedeli na ulikaze. Kisha kata mnyororo wa injini uwe mfupi kadiri unavyowezekana bila kukaza. Kutoa kiungo kizima cha ndani na cha nje hupunguza milimita 25.4, ukikuta hiyo ni nyingi mno, nunua nusu kiungo, ambacho hukuruhusu kupunguza 12.7. Kikaza mnyororo kinapaswa kumalizia sentimita moja tu ya ulegevu. Kikiwa kinabeba ulegevu wote, kitakusaliti.

Na hapa ndipo baiskeli nyingi huvunjikia. Kikaza kinachokuja kwenye seti ni roda ndogo juu ya kibati kinachobanwa kwenye paipu ya chini ya nyuma. Injini inapovuta, sehemu ya juu ya mnyororo ndiyo inayokaza na ya chini inalegea, kwa hiyo kikaza kilicho chini hakisumbuki. Lakini unapowasha kwa kukanyaga pedeli na kuachia klachi, gurudumu ndilo linaloizungusha injini, na sehemu ya chini hukaza ghafla. Nguvu yote inapiga roda. Kibano kinateleza kuzunguka paipu, kibati kinageuka kuelekea ndani, na roda inaingia kwenye spoki. Gurudumu linafunga na spoki kadhaa zinakwenda pamoja nalo.

Mpira chini ya kibano hauzuii hili, hulirahisisha. Kinachozuia ni kukinyima kibati njia ya kuzunguka. Kata bapa la chuma la milimita 3 kwa 20, toboa tundu la ekseli upande mmoja na tundu la bolti ya kikaza upande wa pili, ulifunge chini ya nati ya ekseli. Sasa kibati kimeshikwa sehemu mbili. Fremu ikiwa ya chuma, fundi wa kuchomelea wa Kamukunji au Kariobangi anaweza kukiweka moja kwa moja kwenye paipu. Toa kwanza injini au angalau kabureta na tangi, mafuta na cheche havikai pamoja. Fremu ya alumini usiipeleke kwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea. Na usitoboe paipu ya nyuma ili kupitisha bolti: ni nyembamba, hubeba uzito wako wote, na hupasuka tunduni.

Roda yenyewe lazima isimame sambamba na sproketi. Paipu za nyuma hutanuka kuelekea ekseli, hivyo kibati kilichobanwa juu yake huinama chenyewe. Kitie kwenye jiliwa na ukipinde taratibu mpaka roda itazame mnyororo sawasawa. Roda iliyoinama huusukuma mnyororo pembeni kidogo kidogo, na ukishaelekea ndani, unaelekea kwenye tairi.

Mnyororo unakaza na kulegea katika mzunguko mmoja

Pima ulegevu sehemu nne za gurudumu. Tofauti ikizidi milimita 5, sproketi ya nyuma haiko katikati, na hakuna kikaza kitakachoiponya. Tundu la sproketi nyingi ni la milimita 38 na habu ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo sproketi hukaa popote unapoifunga. Zungushia habu kipande cha paipu ya plastiki au bati mpaka tundu lijae, kisha kaza bolti 9 kwa kuvukana, kidogo kidogo, zamu tatu. Acha kukaza mpira unapoanza kubonyea kando. Tumia ule waya uliofungwa kwenye paipu: meno yasicheze zaidi ya milimita 1.5, wala juu na chini wala pembeni. Zirudie bolti hizo baada ya kilomita 20, maana mpira huwa umeshajipanga.

Wenye Mamba wana tatizo la pekee. Tairi lake la 28 kwa inchi 1½ ni jembamba, hivyo mkwaruzo wa tairi ni nadra. Lakini hesabu spoki za nyuma: nyingi zina 40, si 36. Sproketi ya matundu 9 imeundwa kwa spoki 36, ambazo mpangilio wake hujirudia kila digrii 40. Kwenye spoki 40 hujirudia kila digrii 36, kwa hiyo bolti tatu au nne zitaingia vizuri na zilizobaki zitakaa juu ya spoki na kuzipinda. Sproketi itayumba hata uifunge namna gani. Ama tafuta gurudumu la spoki 36, ama mpe fundi sproketi nzima atoboe matundu 10, kila digrii 36, na ukate mpira upya ufuate matundu hayo.

Baiskeli ya mtumba yenye breki ya diski nyuma inatoa njia safi kuliko zote. Habu yake ina matundu 6 ya bolti za milimita 5 kwenye duara la milimita 44, upande ule ule wa kushoto. Fundi wa kukereza chuma anaweza kutengeneza kipande cha kuunganisha sproketi na matundu hayo, na spoki zikapumzika. Ila diski inaondoka, kwa hiyo fremu lazima iwe na mahali pa breki za rimu. Usiendeshe baiskeli ya injini kwa breki ya mbele pekee.

Spoki zinakatika upande wa kushoto

Ni bolti zilizokazwa mno, au mpira uliokwisha na chuma sasa kinasugua spoki, au spoki zilizokuwa legelege tangu mwanzo. Ikikatika moja, badilisha siku hiyo hiyo. Jirani zake zimeshaanza kubeba mzigo wake, na rimu imeshavutwa kulia, mbali na mnyororo.

Mnyororo wa bodaboda

Kirinyaga Road utapata mnyororo wa 428 kila duka, na 415 kwa kutafuta. Kishawishi ni kikubwa kwa sababu hatua ni ile ile, milimita 12.7, na unaonekana kuingia. Lakini rola za 428 zina kipenyo cha milimita 8.51, za 415 ni 7.77. Rola kubwa hazikai chini ya jino, zinapanda ubavuni mwake, na meno 10 ya mbele yanachongoka mapema. Upana wa ndani ni milimita 7.94 dhidi ya 4.76, hivyo mnyororo unayumba kwenye jino jembamba. Na unakula zaidi ya milimita 1.5 ya ile nafasi ya tairi uliyoihangaikia.

Ukikosa 415, chukua 420. Rola zake ni zile zile 7.77, upana wa ndani 6.35. Utacheza kidogo pembeni na utahitaji mstari ulionyooka zaidi, lakini unakaa kwenye meno inavyotakiwa. Mnyororo wa pedeli usijaribu: ni mwembamba, hauvuki jino la 415.

Kilipu cha kiungo cha kufungia kiwe nje, na upande wake uliozibwa utangulie kule mnyororo unakoelekea. Kikigeuzwa, kitu chochote kinachokigusa kinakifungua.

Wakati wa mvua

Nafasi ya milimita 6 inatosha Juni barabara zikiwa kavu. Mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha kwenye udongo mweusi wa Embakasi, tope hujipaka tairini kwa unene unaozidi hapo, mnyororo unalichonga na kulibeba hadi kwenye sproketi ya injini. Likijaa nyuma ya kifuniko, mnyororo hupanda juu ya meno na kukaza ghafla hata kama ulegevu ulikuwa sawa asubuhi. Anayepita njia hizo aache milimita 10, na tairi la 1.75 karibu ni lazima. Fungua kifuniko cha sproketi ya mbele kila jioni ya matope na uchokoe kwa kijiti.

Udongo mwekundu wa Kabete na Kikuyu haugandi sana, ila vumbi lake likichanganyika na oili chafu ya injini huwa msasa. Usipake oili iliyotolewa kwenye gari. Futa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukauke, kisha tone moja la oili safi kwa kila rola upande wa ndani, na ufute ziada ili isirukie tairi.